Yaliyopita Si Ndwele? Tafakari juu ya Jeraha Lisilosimuliwa

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii tunaisikia misibani, katika vikao vya kusuluhisha ndoa, na mara nyingine hata mimbarini. Ni methali yenye busara, kwa maana imezuia visasi vingi, na imewarudisha mezani ndugu waliokuwa hawasalimiani. Lakini katikati yetu wapo watu ambao kwao yaliyopita ni ndwele hasa. Hawalali usiku. Wakisikia mlango unabamizwa, mwili wote unatetemeka. Wamesali, wamefunga, wametamka kwa kinywa kwamba wamesamehe, na bado lile jambo linarudi.

Tunamwambia nini mtu wa namna hiyo? Wengi humwambia asahau, na asipoweza hudhani kwamba hajasamehe bado, au kwamba imani yake ni haba. Hapo ndipo lilipo swali la tafakari hii: je, mwamini aliyetendewa uovu ana wajibu wa kunyamaza ili msamaha wake uwe wa kweli? Au kusimulia jeraha kunaweza kuwa sehemu ya kupona, na hata sehemu ya kusamehe?

Sisi tunaoishi Nanganga, penye njia ya kuelekea Ruangwa na Nachingwea, hatuulizi swali hili kwa kujifurahisha na fikra. Nchi yetu ya kusini imepitiwa na vita zaidi ya mara moja. Mwaka 1905 moto wa Majimaji uliteketeza misheni za jirani za Nyangao na Lukuledi, na adhabu ya serikali ya Kijerumani iliyofuata ilileta njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Miaka ya 1960 na 1970 Nachingwea ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na ng'ambo ya Ruvuma walikuja watu waliokimbia mabomu. Wapo wazee waliokwenda vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979. Tangu Oktoba 2017 vurugu za Cabo Delgado zimewang'oa watu wengi makwao, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, nacho kilishambuliwa. Tukiongeza ajali za barabarani, ukatili wa majumbani na watoto walioharibiwa na watu waliowaamini, tunaona kwamba katika kila ibada ya Jumapili yupo mwenye jeraha lisilosimuliwa.

Katika kulitafakari swali hili tumesaidiwa na kazi ya mtu mmoja ambaye si mhubiri. Ni profesa wa saikolojia wa Ujerumani, Thomas Elbert, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Konstanz, mji ulio kando ya ziwa kusini mwa nchi hiyo. Maisha yake ya kazi yana safari mbili: moja ya kuingia ndani ya ubongo wa mwanadamu, nyingine ya kwenda katika makazi ya wakimbizi ya Afrika Mashariki. Safari ya kwanza ndiyo inayoeleza ya pili.

Mwaka 1995 Elbert na wenzake walitoa katika jarida la Science utafiti uliowafanya wajulikane sana. Waliwapima wanamuziki wapigao fidla na ala nyingine za nyuzi. Mpigaji fidla hutumia vidole vya mkono wa kushoto kubana nyuzi, kazi ya ustadi mkubwa inayorudiwa kwa saa nyingi kila siku. Walikuta kwamba sehemu ya ubongo inayopokea hisia za vidole hivyo ilikuwa imepanuka kuliko kwa watu wasiopiga ala hizo, na zaidi kwa wale walioanza wangali watoto. Kwa maneno mengine, lile tunalolirudiarudia huchonga njia ndani yetu. Ubongo wa mtu mzima nao haujawa jiwe. Unaendelea kufinyangwa na yale anayoyapitia.

Habari hii ni njema kwa mwalimu wa kwaya. Lakini tazama upande wake wa pili. Kama mazoezi ya muziki yanachonga ubongo, basi woga nao unachonga. Mtu aliyekimbia kifo mara tano, mara kumi, ubongo wake hujifunza kukimbia. Wahenga wetu walilijua hili bila mitambo, ndiyo maana walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tunaposikia methali hii huwa tunacheka kidogo. Aliyeumwa hacheki. Kwake ung'ongo ni nyoka, na mwili wake umekwisha kuruka kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza.

Elbert na mtaalamu mwenzake wa tiba ya nafsi, Maggie Schauer, walilieleza jambo hili mwaka 2002 kwa kusema kwamba tukio la kutisha huunguzwa katika kumbukumbu. Walitofautisha kumbukumbu ya moto na kumbukumbu ya baridi. Ya baridi ndiyo inayojua mahali na wakati: ilikuwa mwaka fulani, kijiji fulani, tulikuwa tukitoka shambani, kisha yakaisha. Ya moto ndiyo inayoshika harufu ya moshi, sauti ya kelele, moyo kwenda mbio, baridi ya mikono. Katika tukio la kawaida hizi mbili hukaa pamoja. Katika tukio la kutisha mno hutengana: moto unabaki umewaka, lakini hauna tarehe wala mahali. Kwa hiyo unapowashwa na harufu au sauti, mtu haoni kwamba anakumbuka. Anaona kwamba linatokea sasa hivi.

Hapa tunaanza kuona kwa nini kumwambia mtu huyu asahau ni kumpa mzigo asioweza kuubeba. Mtu husahau lililopita. Kwake yeye halijapita bado.

Ndipo ikaja safari ya pili. Elbert, Schauer na Frank Neuner, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bielefeld, walitengeneza njia ya matibabu ambayo tunaweza kuiita tiba ya masimulizi, na mwaka 2005 wakaiandikia kitabu. Njia yenyewe ni nyepesi kueleza. Mgonjwa na msikilizaji wake hutandaza kamba sakafuni. Kamba hiyo ni maisha yake, tangu kuzaliwa hadi leo. Juu yake huweka maua pale palipokuwa na furaha, na mawe pale palipokuwa na hofu au maumivu. Kisha, katika vikao vinavyofuata, mgonjwa husimulia maisha yake kwa mpangilio kuanzia mwanzo. Wakifika penye jiwe, hawaliruki. Huenda polepole: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, uliwaza nini, na sasa unapolisema mwili unafanya nini. Hawasimami katikati ya moto. Hubaki hapo pamoja mpaka hofu ishuke na simulizi ifike mahali ambapo tukio lilikwisha. Msikilizaji huandika. Kikao kinachofuata huanza kwa kumsomea yaliyoandikwa, ili asahihishe na kuongeza. Mwishoni simulizi nzima husomwa, na mwenyewe hukabidhiwa nakala kuwa ushuhuda wa maisha yake.

Je, inasaidia? Mwaka 2004 walitoa matokeo kutoka makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda. Wakimbizi 43 kutoka Sudan, wote wakiwa na maradhi ya kiwewe, waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lililosimulia maisha yake waliobaki na maradhi hayo walikuwa asilimia 29. Katika kundi lililopata ushauri nasaha wa kawaida walikuwa asilimia 79, na katika lile lililopewa elimu tu juu ya maradhi hayo walikuwa asilimia 80. Tukumbuke kwamba watu hao walibaki wakimbizi muda wote huo. Umaskini wao haukuondoka, wala wafu wao hawakurudi.

Matokeo ya pili, ya mwaka 2008, yanatugusa zaidi sisi waumini. Yalitoka Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko kusini magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Safari hii waliosikiliza hawakuwa madaktari kutoka Ulaya. Walikuwa watu wa pale pale waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Baadhi walitumia tiba ya masimulizi, wengine ushauri ulio huru zaidi, na kundi la tatu lilifuatiliwa tu bila kutibiwa. Mwishoni, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na maradhi yale, na asilimia 65 ya waliopata ushauri huru. Katika kundi lililoachwa bila tiba walikuwa asilimia 37. Tofauti ya makundi mawili ya kwanza ni ndogo, na watafiti wenyewe walilisema hilo wazi, ingawa walioacha njiani walikuwa asilimia 4 kwa masimulizi na 21 kwa ushauri huru. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya aliyesikilizwa na asiyesikilizwa.

Hapo tunajifunza jambo la kwanza. Kusikiliza kwa uaminifu si mali ya wenye shahada. Ni kazi inayoweza kufundishwa kwa mama wa ushirika, kwa mzee wa kanisa, kwa katekista, ikiwa yuko tayari kujifunza na kutunza siri.

Lakini ndugu mmoja atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, hii si kuweka saikolojia mahali pa sala? Tuyafungue Maandiko, tuone jinsi yanavyowatendea watu wenye majeraha.

Tumtazame kwanza Yusufu. Aliuzwa na ndugu zake, akafungwa bila kosa, kisha akainuliwa katika Misri. Mwanawe wa kwanza alimwita Manase, jina linalohusu kusahau, kwa kuwa alisema Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Kama tungeishia hapo, tungesema: tazama, mtu wa Mungu husahau. Lakini sura inayofuata ndugu zake wanakuja kununua chakula, na Yusufu anajitenga nao ili alie. Analia tena chumbani alipomwona Benyamini, na tena mbele yao wote, kwa sauti iliyosikika nje. Yule aliyetoa jina la kusahau alikuwa hajasahau. Na msamaha wake ulikuja lini? Ulikuja alipolitaja tendo lenyewe: yeye ndiye Yusufu waliyemuuza. Hakusema hawakumfanyia neno. Alilia, akawaambia wasogee karibu, ndipo akataja kuuzwa kwake.

Wa pili ni Tamari, binti Daudi, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake wa baba. Alipotoka alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti. Ndugu yake Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyetenda ni ndugu, na asiliweke jambo hilo moyoni. Baba yao alikasirika, lakini hakufanya kitu. Tamari akakaa ukiwa katika nyumba ya Absalomu. Sasa tuulize: ule ukimya ulileta amani? Baada ya miaka miwili Absalomu alimuua Amnoni, na baadaye nyumba nzima ya Daudi ikaingia vitani. Jambo lililozikwa likiwa hai lilifukuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Wa tatu ni wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau. Walikuwa wametoka kushuhudia mauaji ya mtu waliyempenda. Bwana aliwakaribia njiani, akawauliza wanazungumza nini. Yeye alijua kuliko mtu yeyote yaliyotokea Yerusalemu, lakini aliwauliza ni mambo gani, akawaacha waseme yote: walivyomtumaini, alivyosulubiwa, kaburi, wanawake, mashaka yao. Hakuwakatiza kwa mahubiri. Neno lake la kufundisha lilikuja baada ya masimulizi yao, na hata hapo alichukua habari ile ile, akaipanga kuanzia mwanzo, kuanzia kwa Musa.

Basi hatuoni vita kati ya sala na masimulizi. Zaburi nyingi zenyewe ni masimulizi ya mateso mbele za Mungu. Na Kristo mfufuka alimwonyesha Tomaso makovu yake, ufufuo haukuyafuta. Kilichotoweka ni uchungu na nguvu ya mauti, na alama zilibaki.

Kwa hiyo tunathubutu kutoa jibu. Kusamehe si kusahau, wala mtu hawezi kusamehe jambo ambalo haruhusiwi kulitaja. Anayesamehe husema: hili lilitendeka, lilikuwa baya, na silidai tena damu yako. Sehemu ya kwanza ikinyimwa, ya mwisho haina mahali pa kusimama. Tena msamaha hauwezi kuhesabiwa kwa utulivu wa mwili. Mtu anaweza kuwa amesamehe kabisa mbele za Mungu na bado akashtuka kwa mlio wa pikipiki usiku. Kushtuka kwake si dhambi. Ni ung'ongo na nyoka.

Kuna tofauti moja ambayo lazima tuishike kwa mikono miwili. Toba ni ya mtu aliyetenda, na kusimulia jeraha ni kwa aliyetendewa. Mama aliyebakwa anapokuja kusema, hajaja kuungama. Tukimpokea kama mtu wa kuungama, kwa maswali ya alikuwa amevaa nini na alikwenda huko kufanya nini, tunamtwika dhambi ya mwingine. Lakini wapo pia waliotenda. Mashariki mwa Kongo, Elbert na wenzake waliwashughulikia watu waliokuwa wapiganaji, na kwenye kamba zao mawe na maua hayakutosha. Walihitaji vijiti pia, kuonyesha ukatili walioutenda wenyewe. Huyo naye anahitaji kusema kweli yote kwa mpangilio, kwa sababu toba ya jumla jumla haimgusi mtu yeyote aliyeumizwa. Na ikiwa sheria inamtafuta, masimulizi yake hayafuti haki.

Hata hivyo tusije tukafanya pupa. Si kila kusema kunaponya. Utafiti umeonyesha kwamba kumsukuma mtu aseme yote katika kikao kimoja, mara tu baada ya msiba, hakumkingi na maradhi ya kiwewe, na huweza hata kumdhuru. Ushuhuda wa hadharani mbele ya kipaza sauti, ambapo mtu hutakiwa amalize kwa shangwe ndani ya dakika tano, si jambo tunalolisema hapa. Wala maneno ya kisimani si masikilizo. Ukimya wa hiari una heshima yake, na mtu asiyetaka kusema aachwe. Tunachokataa ni ukimya wa kuamriwa, ule wa nyumba ya Absalomu.

Basi mshirika anayetaka kuwa msikilizaji ashike machache. Atunze siri kama anavyotunza roho yake. Asilazimishe. Awe na muda wa kutosha, asimwache mtu katikati ya moto kwa sababu kengele ya kwaya imelia. Aulize pia habari za maua: nani alimpenda, ni mavuno gani ya korosho yalimfurahisha, kwa maana maisha ya mtu si mawe peke yake. Asihubiri kabla simulizi haijafika mwisho. Akiona mtu anataka kujiua, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anayeumizwa ni mtoto, na uovu unaendelea, siri haipo tena. Hapo ni ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, hata kama mtendaji ni mtu wa heshima kanisani.

Wala tusiahidi kupita kiasi. Katika hesabu za Nakivale, katika kila watu kumi waliosimulia, watatu walibaki na maradhi yao. Hao nao ni wetu. Kazi ya ushirika kwao ni kuendelea kuwa nao, bila kupima imani yao kwa usingizi wao.

Wale wawili wa Emau waliondoka Yerusalemu mchana, wakikimbia mji uliowatisha. Jioni, baada ya kusimulia yote na kusikilizwa, na baada ya mkate kumegwa, waliinuka saa ile ile wakarudi. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa na njia ilikuwa ile ile, na mji ulikuwa ule ule wenye kaburi na askari. Walirudi huko kwa miguu yao wenyewe, wakiwa na habari ya kusimulia.